Loki za gari la zamani: tupa iguse ufunguo, isiguse vibati

Magari mengi ya zamani yanayozunguka huku kwetu Mbeya hayana ufunguo mmoja. Kuna ufunguo wa swichi ya kuwashia gari, kuna wa mlango wa dereva, wa buti ulipotea zamani, na mlango wa abiria unafunguliwa kwa kupitisha mkono ndani. Corolla yangu, KE70 yenye injini ya 4K, niliinunua kwa mstaafu mmoja wa Mafinga ikiwa katika hali hiyo hiyo. Mfano huu ulianza kutoka Japani mwaka 1979, kwa hiyo kila gari la aina hii unaloliona barabarani leo limeshapita kwa watu wengi: wenye gari, madereva, deiwaka, vijana wa kuosha magari. Yeyote kati yao angeweza kuchongesha ufunguo wake akakaa nao. Ndiyo maana mtu akiniambia amenunua gari la zamani, kadi ikishaandikwa jina lake namwambia aanze na loki, kabla ya rangi na kabla ya viti.

Ukiingia gereji ukasema unataka ufunguo mmoja ufungue kila mahali, utapewa njia mbili. Ya kwanza ni kununua seti mpya ya kuiga: loki za milango, swichi na buti, vyote kwa ufunguo mmoja. Kwa gari la kazi si mbaya. Ila zile nilizozishika mimi zilikuwa za madini laini, na ukishafunga seti mpya loki za asili hutupwa skrepa wakati mara nyingi bado ni nzima. Njia ya pili ni ya haraka, na hiyo ndiyo inayoniuma. Fundi anatoa silinda ya mlango, yaani kile kipande cha loki kinachoingia ufunguo, anaingiza ufunguo wa swichi, anatazama vibati vidogo vya ndani vilivyochomoza, anavisaga kwa tupa mpaka vilale. Ufunguo unazunguka. Unalipa, unashukuru, unaondoka.

Loki iliyosagwa hivyo haikulindi tena, na ili uone kwa nini inabidi ujue kilichomo ndani.

Silinda ya mlango ina sehemu mbili: ganda la nje lisilozunguka, na kiini cha ndani kinachozunguka na ufunguo. Kiini kimechongwa nafasi nyembamba zilizopangana, na katika kila nafasi kuna kibati cha shaba chenye tundu katikati, kinachosukumwa na springi ndogo sana. Bila ufunguo, springi inakitoa kibati nje ya kiini kikaingia kwenye mfereji wa ganda, na kiini hakizunguki. Ufunguo ukiingia unapita kwenye matundu ya vibati vyote, na kila bonde la ufunguo linakishusha au kukipandisha kibati chake. Vibati vinatofautiana mahali tundu lilipo, juu kidogo au chini kidogo, na vingi vimegongwa namba ndogo usoni, kama 1, 2, 3 au 4. Ufunguo sahihi ni ule unaovifanya vyote vilale usawa wa kiini, kisitokeze hata kimoja upande wowote.

Sasa fikiria kibati kilichosagwa ncha. Hakiufikii tena ule mfereji. Uweke ufunguo wako, wa jirani, au usiweke kitu, kibati hicho hakizuii chochote. Ukisaga vitatu vinne, loki inazunguka kwa bisibisi bapa. Watu wanashangaa Corolla moja inafunguliwa na ufunguo wa Corolla nyingine kwenye maegesho ya Kabwe, wanasema ndivyo Toyota za zamani zilivyo. Uchakavu unachangia, sikatai, lakini tupa ya fundi imefanya zaidi.

Dawa yake ni kuvihamisha vibati, si kuvisaga. Unavitoa, unavipanga upya kufuata ufunguo unaoutaka, unarudisha. Kazi hii inafanyika mezani nyumbani kwa bisibisi, koleo ndogo, kibano na utulivu.

Chagua kwanza ufunguo utakaotawala, na ushauri wangu ni uwe wa swichi. Swichi imo kwenye loki ya usukani, na loki hiyo imefungwa kwa bolti ambazo kichwa chake hukatwa makusudi wakati wa kufunga ili mwizi asizifungue, na silinda yake huwezi kuichomoa kwa ustaarabu bila ufunguo unaofanya kazi. Loki za milango ni nyepesi zaidi kutoa. Kwa hiyo swichi ibaki ilivyo, milango na buti viifuate.

Lakini uukague ufunguo wenyewe. Ukiona meno yamekuwa mviringo, ujue umechakaa, na mashine ya kuchonga huufuata ufunguo ulioupeleka kama ulivyo. Nakala ya ufunguo mchakavu inazaliwa mchakavu, na nakala ya nakala ni mbaya zaidi. Toyota nyingi za zamani zina namba ya ufunguo imegongwa kwenye silinda ya mlango wa abiria. Ukiipata, na mlango huo ukawa bado ule wa kiwandani, fundi mwenye majedwali ya namba anaweza kukuchongea ufunguo kama ulivyotoka Japani. Kama loki ya abiria iliwahi kubadilishwa, namba hiyo ni ya gari la mtu mwingine, hivyo ijaribu kwenye swichi kabla hujaiamini.

Kutoa silinda hakuna siri kubwa. Pandisha kioo mpaka juu kabisa, maana kikiwa chini kinaziba mahali mkono unapopita. Fungua skrubu za kishikio cha kuvutia mlango na za kopo la kufungulia kwa ndani. Mkono wa kupandishia kioo umeshikwa na klipu ya waya nyuma yake: pitisha kitambaa kati ya mkono na kava, ukivute huku na huku kitainasa klipu na kuitoa. Funika kwa mkono mwingine isiruke. Kava la mlango limeshikwa na vibanio pembeni, likwanyue taratibu kwa bisibisi pana iliyofungwa kitambaa, maana ubao wake ukiwa mkavu unavunjika. Ndani utakuta nailoni imegandishwa. Ibandue bila kuichana, utaihitaji.

Silinda imeshikwa kwenye bati la mlango na klipu ya chuma yenye umbo la kwato la farasi. Achanisha kwanza fimbo inayokwenda kwenye kikamatio cha mlango, kisha chomoa klipu kwa kuisukuma pembeni, na silinda inatoka kwa nje. Iandike kulia au kushoto papo hapo, kwa sababu kile kimkono cha nyuma hakifanani pande zote mbili.

Mezani ndipo penye kazi yenyewe. Tandika kitambaa cheupe ndani ya nyumba, sio uani. Upepo wa mchana wa Uyole na springi ndogo kama hizo haviwezi kukaa pamoja. Ingiza ufunguo wa zamani wa mlango huo kabla ya kuchomoa kiini. Ukikichomoa bila ufunguo, vibati vinaweza kuruka na hutajua kipi kilikaa wapi. Kama ufunguo haupo, chomoa kiini polepole huku kidole gumba kikivifunika. Toa kizuizi cha nyuma, kimkono na springi yake, na upige picha kila hatua kwa simu. Loki nyingine zina kofia nyembamba ya kromu mbele iliyokunjwa kushika kifuniko cha vumbi. Ikunjue kidogo kidogo kwa kuzunguka, usiivute upande mmoja.

Kiini kikiwa mkononi, vitoe vibati kimoja kimoja, uviweke kwa mpangilio na springi zake, na kariri kila kimoja kilikuwa kinatokea upande gani. Kwenye loki nyingine vyote hutokea upande mmoja, kwenye nyingine hupishana. Safisha kila kitu kwa mswaki na petroli, mbali na moto, acha vikauke. Halafu anza na nafasi ya kwanza ya kiini kitupu: weka kibati namba 1 na springi yake, ingiza ufunguo wa swichi upite kwenye tundu lake, ukikiona kimechomoza chomoa ufunguo uweke namba 2, kisha 3, mpaka upate kinacholala. Ukipitisha kucha juu ya kiini usisikie kitu, hicho ndicho chenyewe. Nenda nafasi ya pili.

Utauliza, vibati vya ziada vinatoka wapi? Hapo ndipo inapofaa kufungua loki zote za gari kwa pamoja. Milango ya mbele miwili, buti, na silinda moja au mbili za skrepa za aina ile ile, unakuwa na rundo linalotosha. Usizidharau silinda mbovu zinazouzwa kwa bei ya chuma chakavu pale Mwanjelwa. Ganda linaweza kuwa limekufa huku vibati na springi zake vikiwa vizima kabisa. Mimi bado nanunua nikizikuta.

Na kama nafasi moja haipati kibati chake? Niliuliza swali hili kwa mzee mmoja fundi funguo wa pale Mwanjelwa, ambaye amekaa kwenye meza yake miaka mingi kuliko umri wa magari mengi anayoyahudumia. Nilimwamkia, nikamwonyesha kiini chenye kibati kimoja kilichochomoza kidogo sana, nikamuuliza kama nikisage. Alikitazama dhidi ya mwanga, akasema, "Mwanangu, tupa iguse ufunguo, isiguse vibati." Alichukua ufunguo mpya uliochongwa toka ule wa swichi, akapapasa bonde lile moja kwa tupa laini, akauingiza, akatazama, akapapasa tena, mpaka kibati kikalala. Ufunguo ule bado unawasha swichi vizuri, kwa sababu tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno, uchakavu tu. Ukikosea ufunguo, unanunua mwingine usiochongwa ukaanza upya. Ukikosea kibati, umeipunguza loki milele. Kama tofauti ni kubwa kuliko hiyo, usilazimishe, tafuta kibati kingine.

Mzee yule ana tabia nyingine ninayoiheshimu. Ukimpelekea loki bila ufunguo wa mfano anakuomba kadi ya gari kwanza, hata kama mnafahamiana. Wapo wateja wanaokasirika. Mimi natafuta fundi wa namna hiyo, kwa kuwa asiyekuuliza wewe hatamuuliza na yule aliyekuja na loki ya gari lako.

Kuhusu kulainisha, nasihi kwa nguvu zangu zote: usitie grisi wala oili ya injini ndani ya silinda. Kiangazi chetu kina vumbi. Pita Chimala hadi Makambako mwezi wa Septemba nyuma ya malori ya Tunduma, halafu chungulia tundu la loki. Vumbi likikutana na oili linakuwa tope, na tope hilo linakwamisha vibati. Grisi nayo inakuwa nzito kwenye baridi ya Juni na Julai, na kwa walioko Makete na Njombe, ambako asubuhi hufika kuwa na sakitu, loki yenye grisi inaweza kugoma kabisa hadi jua lichomoze. Tumia unga wa grafaiti, mkavu, kidogo. Ukiukosa dukani, saga risasi ya penseli laini uwe unga, paka kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Oili yake iende kwenye kikamatio na kwenye bawaba.

Mvua ni habari nyingine. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa wa Tukuyu hata baada ya hapo, maji yanaingia ndani ya mlango, hilo halizuiliki. Kazi yako ni kuyapa njia ya kutoka. Chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa waya ukiwa umeshafungua kava. Raba inayokaa kati ya silinda na bati kama imekauka, kata nyingine toka kwenye tyubu ya baiskeli. Ile nailoni igandishe tena pande zote, na ukingo wake wa chini uingie ndani ya mlango, la sivyo kava litalowa na kuoza.

Jaribu loki mlango ukiwa wazi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wana haraka ya kuusukuma mlango wasikie ule mlio. Sukuma kikamatio kwa bisibisi mpaka kikae kama mlango umefungwa, halafu zungusha ufunguo kufunga na kufungua, urudie tena na tena, uchomoe kila mara kuona kama unatoka bila kung'ang'ania. Hakikisha fimbo imekaa kwenye kibanio chake na haigusi kioo kikishuka. Ukiridhika ndipo ufunge mlango, na kioo cha upande wa pili ukiache wazi mpaka milango yote imekubali.

Mwisho, kabla hujakunja kitambaa chako, andika namba za vibati kwa mpangilio, kuanzia kile kilicho karibu na mdomo wa loki kwenda ndani. Kwa namba hizo fundi anaweza kukuchongea ufunguo siku funguo zako zote zikipotea, bila kugusa mlango. Karatasi hiyo na ufunguo wa akiba viweke nyumbani pamoja na kadi, visikae ndani ya gari hata siku moja.