Vuta N'kuvute na Oscar: neno "dhuluma" mimi silikubali

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza kama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilidhulumiwa kwenye tuzo za Oscar, na waliotangulia kumjibu karibu wote wamesema ndiyo. Naipenda filamu ile, lakini neno dhuluma silikubali, kwa sababu anayekudhulumu ni yule aliyekiona chako kisha akakunyima, na mimi nina shaka kama wapiga kura wengi wa Oscar walikiona.

Utaratibu wa tuzo tunayoizungumzia, ile ya filamu bora ya kimataifa, ni kwamba kila nchi hupeleka filamu moja, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yake yasiwe ya Kiingereza. Mwaka 2022 tulipopeleka yetu zilikuwamo filamu za nchi zaidi ya 90, zikachujwa zikabaki 15, kisha tano, na mwishoni tuzo ikachukuliwa na Ujerumani kwa filamu ya Vita Vikuu vya Kwanza iliyobebwa na Netflix. Kampuni ya namna hiyo ina fedha na watu wa kuwafuata wapiga kura mmoja mmoja. Tanzania kabla ya hapo ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001. Uzoefu wa kazi hiyo tungeutoa wapi?

Lugha haikuwa kikwazo kwetu. Lionheart ya Nigeria iliondolewa mwaka 2019 kwa sababu katika dakika zake 95 Kiigbo kilisikika kwa dakika kama 11 tu, balaa ambalo filamu ya Kiswahili haiwezi kulipata.

Na tusiipambe kupita kiasi. Niliitazama Mji Mkongwe, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mama yangu mdogo, ambaye riwaya aliisoma zamani na hakuacha kuninong'oneza kila alipokitambua kichochoro. Yasmin, binti wa Kihindi anayemkimbia mume mzee aliyeozwa, alitushika sote wawili. Lakini Denge, kijana mpigania uhuru, na harakati zake dhidi ya Waingereza niliviona vimepitiwa juu juu. Kijana anapendeza mbele ya kamera kuliko anavyoshawishi kwa siasa yake. Mama mdogo alisema kitabuni Denge ana ulimi mkali zaidi, na sikuwa na la kumpinga. (Kuhusu taarabu iliyomo, hapo sote tulinyamaza tukasikiliza.)

Mkitaka dhuluma kwa maana yangu, itazameni Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, iliyopelekwa na Mauritania. Hii iliingia tano bora mwaka 2015, kwa hiyo hawawezi kusema haikuwafikia, lakini tuzo wakaipa Ida ya Poland. Ida ni filamu nzuri, ya rangi nyeusi na nyeupe, kila picha imepangwa kama inayosubiri kutiwa fremu, na pengine hicho ndicho kilichonichosha.

Wiki iliyopita niliirudia Timbuktu nyumbani pamoja na mpwa wangu wa miaka tisa. Wenye silaha wameuteka mji na wamepiga marufuku mpira, basi vijana wanacheza bila mpira: wanapasiana, wanapiga chenga, kipa anajirusha, na punda anakatiza uwanjani bila wasiwasi. Wapiganaji wakipita na pikipiki, vijana wanajifanya wanafanya mazoezi ya viungo. Wakishapita, mechi inaendelea. Mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, mpira wenyewe uko wapi?" Sikumjibu. Baada ya kitambo kidogo alikuwa amesimama juu ya mkeka, anamfokea mchezaji mmoja kwa kuchelewa kutoa pasi.

Anayeona Ida ilistahili kuliko mchezo ule aje na hoja, nami nitamsikiliza.