Jibu: Maji ya maporomoko kuonekana laini kwenye picha

Mkuu, umeuliza ile picha yangu ya maporomoko niliyosema naipenda kuliko zote niliipigaje hadi maji yakawa laini kama hariri, au nimeichezea kwenye kompyuta. Sijaichezea, rangi tu nimegusa kidogo. Siri ni kuacha shata (kile kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) wazi kwa muda: pale ilikuwa nusu sekunde, ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/11 (dogo kiasi), kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu.

Wengi hukimbilia sekunde kumi na kuendelea wakidhani ndiyo utaalamu. Mimi sikubaliani nao. Maji yakilainika kupita kiasi yanageuka ukungu mweupe, huoni tena yanaelekea wapi. Kwa maji yanayokwenda kasi, robo sekunde hadi sekunde moja inatosha kabisa, na ile mistari yake inabaki.

Mchana mwanga unazidi, hapo unafunga kichujio cheusi mbele ya lenzi. Cha stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) hupunguza mwanga mara 64, kwa hiyo 1/60 ya sekunde inakuwa kama sekunde 1. Huna? Nenda alfajiri au siku ya mawingu. Siku ile kulikuwa na manyunyu, wenzangu wakagoma kutoka, na ndiyo maana mawe yana rangi iliyokolea vile (adha yake ni kufuta lenzi kila mara).

Piga kwa taima ya sekunde 2, kidole kisitikise kamera. Kama unatumia simu, tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kupanga kasi ya shata mwenyewe.