Kabla Hujapanda Mlima Kuwatafuta Sokwe

Swali la kwanza tuliloulizwa katika Hifadhi ya Gombe, karibu na Kigoma, asubuhi ile halikuhusu viatu wala maji ya kunywa. Mwongozaji alisimama pale ufukweni, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani ana mafua?"

Mimi nilikuwa nayo. Yalinianza ndani ya treni ya Kigoma, na kufikia siku hiyo yalikuwa yameanza kupungua, hata nikajiambia kwamba ni vumbi la safari tu. Nilikuwa nimeweka akiba zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya siku ile. Nikanyoosha mkono.

"Pole sana dada," akasema. "Wenzako watapanda, wewe utabaki huku chini."

Nilibaki siku mbili nikitazama Ziwa Tanganyika. Sauti za sokwe zilikuwa zikishuka kutoka mlimani, lakini nilirudi Kigoma mjini bila kumwona hata mmoja.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kila anayeniuliza habari za safari ya sokwe hutaka kujua kamera gani abebe na miezi gani ni mizuri. Hayo nitayafikia. Lakini kwangu mimi jambo la kwanza ni hili: jipe siku za ziada. Anayefika akiwa na siku moja tu ya kupanda mlima atashawishika kumeza kikohozi chake na kusema yuko salama. Mwenye siku tatu au nne anaweza kusema kweli, akapumzika, akapanda kesho kutwa.

Na ukweli huo una uzito. Sisi na sokwe tunafanana kwa karibu asilimia 98 ya vinasaba, kwa hiyo magonjwa yetu hupata njia rahisi ya kuingia kwao. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe. Baadhi walikufa, wengine wakabaki wakiburuta mkono au mguu uliopooza. Mwaka 2006 ugonjwa wa kupumua uliua sokwe kadhaa wa Mahale, hifadhi nyingine kando ya Ziwa Tanganyika, na wataalamu walipopima wakakuta kirusi chenye asili ya binadamu. Kirusi ambacho kwako ni kamasi za wiki moja kinaweza kumuua mtoto wa sokwe. Ndiyo maana Mahale unapewa barakoa kabla hujawakaribia, na ndiyo maana nakuomba uivae vizuri, ifunike na pua, hata kama jasho linakutiririka.

Miaka minne baada ya safari ile ya Gombe nilikwenda huko Mahale, safari hii nikiwa mzima. Ni mbali. Unashuka na boti kutoka Kigoma kuelekea kusini, milima ikiwa kushoto na maji yasiyoonekana mwisho kulia. Hifadhini hakuna barabara, kila kitu ni kwa miguu. Gombe iko karibu na mji na ni ndogo, lakini miteremko yake ni mikali. Mahale ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na msitu wake wa mabondeni ni mzito, wenye mitambaazi inayoning'inia kila upande. Ukiniuliza uchague ipi, kama nafasi inaruhusu, nitasema Mahale. Kama hairuhusu, Gombe si ya kudharauliwa hata kidogo: hapo ndipo Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alipotia nanga Julai 1960, na ndipo alipomwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti, yaani akitumia zana, jambo ambalo dunia ilidhani ni la binadamu peke yake.

Usidhani kwamba utatembea tu msituni ukakutana nao. Sokwe wa porini akimwona mtu hukimbia. Unaowatembelea wamezoeshwa, na kuzoesha ni kazi ya miaka. Mahale watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza mwaka 1965, na mwanzoni walitumia miwa kuwavuta. Utaratibu wa kuwalisha uliachwa zamani. Leo wanafuatwa kwa miguu tu. Wageni hupelekwa kwa kundi linaloitwa M, lenye sokwe takriban 60. Lakini hao 60 huwakuti pamoja kirahisi. Matunda yakiwa machache wanagawanyika, watatu huku, watano kule, mama na mwanawe peke yao. Matunda yakijaa wanakusanyika. Kwa hiyo kumtafuta sokwe ni kuutafuta mti unaozaa.

Kazi hiyo huanza alfajiri. Watafutaji hupanda kabla yenu, wakielekea mahali ambapo sokwe walilala jana. Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi akatengeneza kiota kipya, na asubuhi anapoamka hujisaidia kutoka humohumo, kwa hiyo chini ya mti huwa na habari kamili kwa anayejua kuisoma. Nyie mnasubiri kambini. Simu ya upepo ikilia, mnaondoka.

Mzee mmoja Mtongwe, mwenyeji wa milima hiyo, aliyekuwa akituongoza ndiye aliyenifundisha kusoma njia. Nilimwamkia shikamoo asubuhi, akaniitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, tembea nyuma yangu na usiongee. Masikio yako yatakuonyesha." Tulikuwa tumetembea kama saa moja aliponikabidhi kitu kama tonge kilichotafunwa na kukamuliwa. Makapi ya mabungo, yale yale ambayo watu wa pwani wanakunywa juisi yake! Sokwe hutafuna tunda, hubana maji kwa midomo, kisha hutema kapi. Lililokauka ni la jana. Hilo lilikuwa bado bichi. Mbele kidogo palikuwa na alama za vidole vilivyokunjwa kwenye tope, kwa sababu sokwe hukanyaga kwa migongo ya vidole.

Halafu sauti. Mmoja huanza taratibu, huu, huu, huu, pumzi ikiingia na kutoka, inapanda, inakuwa ukelele, na mwishoni dume hupiga kwa miguu na mikono ile mizizi mipana iliyosimama kama kuta za nyumba, msitu mzima ukavuma kama ngoma. Inasikika zaidi ya kilomita moja. Ukiisikia, usianze kukimbia kuifuata. Simama. Ngoja kundi jingine lijibu. Mzee alisikiliza sauti mbili, akakadiria zinakutana wapi, akatupitisha njia ambayo mimi nisingeichagua kamwe. Tuliwakuta.

Kuhusu miezi: kiangazi ni rahisi zaidi, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, sokwe wa Mahale wanapokaa zaidi mabonde ya chini. Masika njia zinateleza na unaweza kupanda kwa muda wa saa tano. Vaa suruali ndefu uchomekee kwenye soksi, maana siafu hawabishi hodi. Beba maji, viatu viwe vya kung'ata udongo. Magoti yakikusumbua, mwambie mwongozaji mapema. Hayo yanatosha.

Sasa saa yenyewe. Unapewa dakika 60 tangu mnapowaona, watu wachache kwa kila kundi, na mita 10 kati yako na sokwe. Sokwe hajui hiyo kanuni, atakuja hadi mguuni kwako kama njia yake inapita hapo. Jukumu la kusogea ni lako. Toka njiani, chuchumaa, mpishe. Usile mbele yao, usiwashe mwanga wa kamera, usiige sauti yao. Na dume likianza kusimamisha manyoya, likiburuta matawi na kushuka mbio kuelekea kwenu, shika mti na ubaki hapohapo. Nilishika mti wangu kwa mikono miwili, likapita karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Ugomvi wake ni na madume wenzake. Anayekimbia ndiye anayejiingiza ndani yake.

Ninakuomba uiweke kamera chini kwa nusu ya muda huo. Ninalisema hili kwa moyo wote. Picha zangu za Mahale ni migongo myeusi kwenye kivuli, lakini ninachokumbuka vizuri nilikiona kwa macho: sokwe wawili walikaa wakitazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja, mikono ikashikana juu ya vichwa, na kwa mkono uliobaki wakaanza kuchambuana manyoya ya kwapani. Mzee aliniambia kwa kunong'ona kwamba sokwe wa Gombe hawana desturi hiyo. Milima ni ya ziwa moja, wanyama ni wa aina moja, lakini hawa wamerithishana namna yao ya kushikana mikono. Kama ningekuwa nahangaika na lenzi, ningeona manyoya tu.

Mzee alipoangalia saa yake na kusema muda umekwisha, mwenzetu mmoja alimwomba dakika tano zaidi. Alikuwa ametoka mbali, na mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anashuka mtini na mwanawe kifuani. Mzee alitikisa kichwa. Usiombe hizo dakika, na usimpe mwongozaji kitu chochote ili akuongezee. Atarudi kwa hao sokwe kesho na keshokutwa, na imani yao kwake ndiyo iliyokufikisha wewe hapo.

Tulishuka kimya. Barakoa tulizivua tulipokuwa mbali kabisa, karibu na kijito, na wakati nanawa uso zile huu, huu zikaanza tena juu yetu. Mzee akasimama, akainua kidole, tukasikiliza wote mpaka kundi la upande wa pili likaitikia.