Nywila Inayofungua Baada ya Siku ya Mwisho Kazini

Nilipoacha kazi katika kampuni moja ya usambazaji hapa mjini, nilikabidhi funguo, kitambulisho na kompyuta mpakato, mkuu wangu akatia saini, nami nikapanda daladala kurudi Mbagala nikiamini kwamba yote yamekwisha. Wiki mbili baadaye mteja wa zamani alinipigia kuulizia mzigo wake. Kwa kuwa nywila yangu ilikuwa bado inakubali, nilifungua mfumo wa kampuni kwenye simu nikamsomea, na sikuona kosa lolote mpaka rafiki yangu wakili aliponieleza.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinamkataza mtu, kwa makusudi na bila uhalali, kubaki katika mfumo wa kompyuta au kuendelea kuutumia baada ya muda alioruhusiwa kwisha; adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni moja, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Ruhusa yangu ilitokana na ajira, na uzembe wa kutofunga akaunti haukuweza kuirefusha. Anayefuta mafaili kwa hasira anajiingiza pabaya zaidi.

Wapo wanaojitetea kwa kesi ya askari polisi wa Marekani aitwaye Van Buren, ambamo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2021 kwamba mtu mwenye ruhusa ya kuona taarifa havunji sheria yao ya kompyuta kwa sababu tu amezitumia kwa lengo lisilofaa. Hukumu hiyo ni ya Marekani, tena askari yule alikuwa bado kazini.

Orodha ya wateja nayo usiibebe kwenye flashi, hata kama uliwatafuta mwenyewe kwa jua la Kariakoo, kwa maana majina na namba zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya siku ya mwisho, kaa na mtu wa TEHAMA mworodheshe kila akaunti unayoifungua, zikiwemo barua pepe na makundi ya WhatsApp yaliyo kwenye simu yako binafsi, azifunge ukiona, kisha orodha hiyo iingie katika hati ya makabidhiano na nakala yake ubaki nayo. Picha zako za familia zilizobaki kwenye kompyuta ya kazini ziombe kwa maandishi. Mimi nilimpigia mkuu wangu wa zamani nikamweleza nilichofanya, na jioni ile ile akaunti ikafungwa.