Jibu: Kuhama Hong Kong sasa au kusubiri?

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba mkeo ana hadhi ya BN(O), yaani uraia wa Uingereza wa ng'ambo kwa watu wa Hong Kong, unaomruhusu kuomba viza ya kuishi Uingereza, kwamba sheria ya usalama wa taifa ya Juni 2020 imewatia hofu, na kwamba hamjui kama mhamie Uingereza sasa au msubiri. Sisi tulikata shauri hilo mwaka 2021.

Kabla ya tiketi, angalieni akiba ya uzeeni ya mkeo, yaani MPF, kwa sababu tangu Machi 2021 ombi la kuitoa mapema kwa kutegemea viza ya BN(O) halikubaliwi, nasi tulikuwa tumeshaipigia hesabu kama fedha za kuanzia maisha. Mwaka 2021 viza ya miaka 5 ilikuwa pauni 250, lakini ada ya huduma za afya, wakati huo pauni 624 kwa mwaka, ililipwa yote kwa mkupuo, hivyo kila mtu mzima alihitaji pauni 3,370.

Kuondoka si kazi. Kurudi ndiko kunakoweza kuwa na shida. Mwaka 2021, kuanzia tarehe 1 Julai, ndege za abiria kutoka Uingereza zilizuiwa kutua Hong Kong kwa sababu ya korona, kwa hiyo ikiwa wakwe zako ni wazee, zungumzeni nao waziwazi kabla hamjafunga mizigo. (Kwetu mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko fomu zote.)

Mambo ya shule siyajui, kwani hatuna watoto. Mimi ningeomba viza sasa, nikikumbuka kwamba anayetaka ukaazi wa kudumu hapaswi kuwa nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote.