Rsync imekubali kwenye simu. Je, imebeba nini?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina studio ndogo ya picha na stesheneri hapa Morogoro. Zamani picha zote zilikaa kwenye laptopu ya Linux, na kila usiku saa nane skripti yangu ya rsync (programu ya kunakili mafaili) ilizipeleka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ofisini yenye diski ya nje. Laptopu imeungua ubao. Diski yake nimeichomoa, ipo kabatini. Siku hizi kazi nyingi napiga na kupokea kwa simu, Android 13, kwa hiyo nikataka skripti ileile ihamie huko. Kwanza nilinakili rsync kutoka kwenye Pi nikaiweka kwenye simu, ikagoma ikidai faili halipo, na faili nalitazama. Nikaweka Termux, programu ya kuandikia amri za Linux kwenye Android, na rsync yake, nikabadilisha chanzo tu: `rsync -a --delete ~/storage/ pi:/mnt/diski/studio/`. Imekubali, haikuchukua hata dakika, hakuna kosa. Tatizo ni usiku, Android inaizima. Jamaa yangu fundi anasema dawa ni kuruti simu (kujipa mamlaka ya msimamizi mkuu), na nikiruti hata chati za WhatsApp zitaingia kwenye nakala. Niruti?

Jibu: Marahaba. Usiruti. Hilo nitalirudia, kwa sababu kuna jambo la haraka kuliko hilo ambalo hukuliuliza: hiyo "haikuchukua hata dakika".

Simu ya mwenye studio haimalizi kupeleka picha kwa Wi-Fi chini ya dakika moja. Nenda kwenye Pi sasa hivi, andika `ls -l /mnt/diski/studio`. Nadhani utakuta majina machache, dcim, downloads, pictures, shared na wenzake, na mbele ya kila jina mshale unaoelekea `/storage/emulated/0` na kuendelea. Hizo si folda. Ni njia za mkato. Termux ukiipa ruhusa ya hifadhi hutengeneza `~/storage` iliyojaa njia za mkato tu, na herufi `-a` katika amri yako huiambia rsync ibebe njia ya mkato kama ilivyo bila kuingia ndani yake. Ilibeba vibao vya barabarani ikaacha mji. Kwenye Pi njia hizo hazielekei popote, maana Pi haina `/storage/emulated`. Rsync ilifanya ulichoiagiza ikarudisha sifuri, ishara ya "hakuna kosa", nawe ukalala.

Sasa angalia nusu ya pili ya amri. Umesema ulibadilisha chanzo tu. Kwa hiyo folda ya kupokelea ni ileile iliyokuwa na nakala za laptopu, na `--delete` inafuta upande wa kupokea kila kisichopo upande wa chanzo. Chanzo kilikuwa na njia za mkato. Unaona kilichotokea.

Kama `ls` imethibitisha hofu yangu, usiandike kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Ichomoe kwa `sudo umount /mnt/diski` na uzime skripti zote zinazoigusa. Ile diski ya laptopu iliyoko kabatini ndiyo sasa nakala yako pekee, kwa hiyo usimpe fundi "aijaribu", na usiweke Linux mpya juu yake. Iunganishe kwa waya wa USB, ifungue kwa kusoma tu (`mount -o ro`), unakili kila kitu kwenye diski ya tatu. Ikiwa kuna picha zilizokuwa kwenye Pi peke yake, PhotoRec, programu ya kuokoa picha zilizofutwa, inaweza kuzitafuta kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Itakurudishia picha bila majina yake wala folda zake, na kama diski ya Pi ni SSD yenye TRIM, inayosafisha kabisa nafasi ya kilichofutwa, matumaini ni madogo. Fanya hayo kwanza, yaliyobaki utayasoma kesho.

Haya, kuhusu ile rsync ya Pi iliyogoma. Kilichokosekana si rsync yenyewe, ni kipakiaji, programu ndogo ya kuiwasha, ambacho jina lake limeandikwa ndani yake, `/lib/ld-linux-aarch64.so.1` kwa Pi ya biti 64. Programu za Linux ya kawaida hutegemea maktaba ya glibc. Android ina ya kwake, Bionic, wala haina `/lib` ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo kunakili programu kutoka Linux ya ARM kwenda kwenye simu ya ARM, yaani prosesa ya aina ileile, hakutoshi. Ni lazima ijengwe upya kwa ajili ya Android, kazi ambayo watu wa Termux wamekwisha kuifanya. Wanaojaribu kukwepa kwa programu za lugha ya Go zilizojengwa bila maktaba yoyote, ile ya bekapu iitwayo restic kwa mfano, hukutana na jingine: inawaka vizuri, kisha inashindwa kupata anwani ya seva kwa sababu Android haina `/etc/resolv.conf`, faili la kuonyesha pa kuulizia anwani, ikaenda kuuliza `[::1]:53`, yaani simu yenyewe, ambako hakuna wa kuijibu. Chukua ya Termux, usisumbuke. Termux na nyongeza zake zote zitoke sehemu moja, ama F-Droid (duka la programu huria) ama GitHub. Ukichanganya, sahihi zake zinagombana.

Skripti yenyewe inahitaji kunyolewa. Hifadhi ya pamoja ya Android, ile yenye DCIM (folda ya picha za kamera) na Download, haina umiliki wala ruhusa za mafaili kama ulizozizoea kwenye Linux, haina njia za mkato, na haitofautishi herufi kubwa na ndogo. `-a` inabeba taarifa ambazo huku hazina maana, na siku ya kurudisha picha kwenye simu itakupigia kelele za kukataliwa kwa kila faili. Tumia `-rt` tu, yaani folda zote za ndani na saa za mafaili. Andika chanzo halisi, na mkwaju wa mwisho (`/`) usiusahau:

`rsync -rtv --stats --backup --backup-dir=/mnt/diski/zamani/$(date +%F) ~/storage/shared/DCIM/ pi:/mnt/diski/simu/DCIM/`

Folda ya kupokelea ni mpya (itengeneze kwanza kwenye Pi, `mkdir -p /mnt/diski/simu`), na `--delete` haimo. Mara ya kwanza ongeza `-n`, itakuorodheshea itakachofanya bila kukifanya. Ukitaka na picha za wateja zinazoingia kwa WhatsApp, tangu enzi ya Android 11 zinakaa `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`, na hiyo inasomeka bila kuruti chochote. `Android/data` ndiyo iliyofungwa. Siku ukinakili kwenda kwenye flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT badala ya Pi, weka `--modify-window=1`, kwa kuwa FAT huandika saa kwa kuruka sekunde mbili mbili, na bila hiyo rsync itaona picha zilezile zimebadilika ikazipeleka tena na tena.

Usiku nao usiubishie. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu iliyolala hukatia programu mtandao na kuzichelewesha, na juu yake watengenezaji wengi huweka kiokoa betri cha kwao, kikali zaidi. Android 12 iliongeza kikomo cha michakato midogo 32 kwa simu nzima, lakini rsync moja haifiki huko, kwa hiyo mtuhumiwa wako ni betri. Toa Termux kwenye uokoaji wa betri, anza skripti kwa `termux-wake-lock` inayozuia simu kulala, na usahau saa nane kamili. Weka `termux-job-scheduler`, mpangaji wa kazi wa nyongeza ya Termux:API, uiambie ifanye kazi simu ikiwa kwenye chaji na kwenye Wi-Fi isiyokula bando. Android itachagua dakika yenyewe. Picha zikifika saa tisa badala ya saa nane hakuna mteja atakayejua.

Sasa `--delete`, ambayo inaniudhi kuliko zote, maana sipiti wiki bila kuikuta kwenye skripti ya mtu na mwenyewe anaiita bekapu. Kufanya pande mbili zifanane ni kazi moja, kutunza nakala ni kazi nyingine. Ukifuta picha kwa bahati mbaya saa nne usiku, skripti inayofananisha itaifuta na upande wa pili saa nane, kwa uaminifu kabisa. Kwenye laptopu hatari hii ililala kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukifuta. Kwenye simu wanaofuta ni wengi. Mtoto anachezea simu. Google Photos inakupendekezea kuongeza nafasi, unabonyeza, na picha zote ilizokwisha kuzipandisha zinaondoka kwenye simu. Usiku rsync inaona DCIM tupu na kuisafisha diski ya Pi. Memori kadi inalegea, folda inabaki wazi, matokeo yaleyale. Rsync ina kinga: ikikuta kosa la kusoma chanzo huacha kufuta. Ila folda tupu si kosa, ni folda tupu.

Na kuna kufuta kusikoonekana hata bila `--delete`. Kamera nyingi huhesabu DSC_0001 hadi DSC_9999 kisha huanza upya. Ukihamishia picha za kamera kwenye simu, harusi ya mwaka huu itabeba jina la send-off ya mwaka juzi, na nakala mpya itakaa juu ya ile ya zamani. Ndiyo maana nimeweka `--backup-dir`: inayotaka kufunikwa inahamishiwa kwanza kwenye folda ya tarehe hiyo. Diski ya Pi ikiwa ni ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, unaweza kupanda ngazi hadi `--link-dest`, inayokupa folda kamili ya kila siku huku picha isiyobadilika ikila nafasi mara moja tu. Diski iliyoachwa na exFAT ya dukani haiwezi hilo.

Kisha simu huibiwa. Mwizi akifungua Termux yako ana ufunguo wa SSH, ule wa kuingilia Pi kwa mbali, na mwenye ufunguo huo anafuta anachotaka. Kwa studio yenye picha za watu ningekushauri, ukishazoea, uhamie restic (ile ya Termux) pamoja na rest-server, seva yake, iliyowashwa kwa `--append-only`: simu inaweza kuongeza, haiwezi kufuta, na kila kitu kimefichwa kwa nenosiri. Nenosiri hilo liandike kwenye karatasi uliweke nyumbani. Likipotea, hakuna fundi duniani wa kukusaidia, hata akikuambia yupo.

Tukirudi kwa jamaa yako. Kuruti simu kwa kawaida huanza kwa kufungua butiloda, programu inayowasha simu, na kufungua butiloda hufuta data yote ya mtumiaji. Si hitilafu. Imewekwa makusudi ili aliyeokota simu yako asiingie kwa mlango huo akasoma vitu vyako. Kwa hiyo anakuambia uifute simu ili upate nakala ya kilichokuwa kwenye simu. Muulize kabla ya kuruti atahifadhi vipi vitu vyako. Akijibu "nitavihifadhi kwanza", basi njia ya kuvihifadhi bila kuruti anaijua, na hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Baada ya hapo programu za benki na za pesa kwa simu zinaweza kukataa kufunguka, na mwenye duka anayelipwa kwa simu atalijua hilo kwa mteja wa kwanza asubuhi. Chati za WhatsApp hazihitaji yote hayo. Faili la msgstore, lenye chati zako, utalibeba, lakini limefungwa kwa ufunguo ulioko ndani ya eneo la programu yenyewe, kwa hiyo kulibeba peke yake ni kubeba sanduku lisilofunguka. Tumia nakala ya WhatsApp yenyewe iliyofichwa mwisho hadi mwisho, ipo tangu 2021, kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64 utakaouandika pembeni.

Nasema haya nikijua hukuwaza kudanganywa. Jamaa yako huenda hajui. Lakini kuna walioifanya biashara. Wapo wanaokuuzia programu ya "bekapu kwa mguso mmoja" iliyotumwa kwenye kundi la Telegram, inayodai ruhusa ya SMS na ya kusoma kilicho kwenye skrini. Kunakili picha hakuhitaji SMS. Wapo wanaonakili simu yako yote kwenye kompyuta yao ya kibandani "kwa usalama", na picha za passport za wateja wako zinabaki hapo kati ya simu za watu wengine. Na wapo, wengi zaidi, wasio na nia mbaya, wanaokuonyesha alama ya kijani wakachukua pesa yao. Alama ya kijani inasema programu imemaliza. Mwambie afungue picha kumi kutoka upande wa pili, simu yako ikiwa imezimwa, mbele yako, kabla hujalipa. Ukiona anaanza kueleza kwa nini haiwezekani leo, chukua simu yako.

Kwako wewe: baada ya `-n` na safari ya kwanza halisi, nitumie mistari ya `--stats` pamoja na majibu ya `find ~/storage/shared/DCIM/ -type f | wc -l` kwenye simu na `find /mnt/diski/simu/DCIM/ -type f | wc -l` kwenye Pi. Namba hizo mbili zikipishana, usigeuze skripti peke yako, niandikie. Na kuhusu ile diski ya kabatini, hadi iwe na nakala, mtu asiiguse.