Sadaka ya shukrani ya mtoto: kiasi gani, na itolewe vipi

Mkuu, hongera kwa mtoto. Umeuliza matatu: mama katoka salama kwenye upasuaji, je, shukrani iwe asilimia kumi ya kipato? Unaweza kuikata kwenye zaka ya mwezi huu? Na mbuzi ni bora kuliko bahasha?

Zaka iache ilipo. Zaka inafuata kipato, shukrani inafuata tukio, na Biblia haikuipangia asilimia. Ukichomoa ya zaka ukaiandika "shukrani" hujatoa kitu, umebadili bahasha tu. Halafu jikumbushe: kama wakati mama yuko chumba cha upasuaji ulitamka "Mungu akimtoa salama natoa mbuzi", hiyo ni nadhiri, na nadhiri ni deni (Kumbukumbu la Torati 23:21). Ilipe kama ulivyoitamka, shukrani nyingine ifuate.

Kiasi: soma Walawi 12. Mama aliyejifungua alipeleka mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na kinda la njiwa au hua. Asiyeimudu kondoo, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Ile ilikuwa ya kutakaswa, si ya shukrani, ila kipimo chake kinafaa hapa, na ukisoma Luka 2:24 utaona Yusufu na Mariamu walipeleka ile ya ndege. Kwa hiyo lipa kwanza hospitali, tenga hela ya mama kula vizuri, kisha toa kwenye kilichobaki. Usikope. Shukrani ya mkopo inaanza kunung'unikiwa siku ya rejesho la kwanza, wakati 2 Wakorintho 9:7 inakataza kutoa kwa huzuni au kwa lazima. Na anayekwambia hiyo ni "mbegu" itakayorudi mara mia anakuuzia kitu kingine. Wewe unashukuru kwa ulichokwisha kupokea.

Bahasha ni rahisi. Andika jina, jumuiya na sababu kwa maneno yasiyozidi kumi, maana vinasomwa mbele ya watu. Usiitie pini wala gundi: pini inachoma vidole vya wahesabuji, gundi inachana noti. Ukituma kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe la usharika, si la mtu.

Mbuzi ana kazi zaidi. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri huku kwetu Tanzania atapigwa mnada nje baada ya ibada, na hapo ndipo mambo huharibika. Mwambie mzee wa kanisa mapema, kabla matangazo hayajaandikwa. Chagua Jumapili ya baada ya mshahara. Katikati ya mwezi mbuzi mzima anaondoka kwa bei ya kutupa. Omba anadiwe mwanzoni, kwa sababu wakishamaliza mikungu ya ndizi na mayai, wenye hela wameshaondoka. Mnyweshe maji asubuhi. Mbuzi mwenye kiu hulia mpaka kwenye mahubiri. Mnunuzi akimrudisha anadiwe tena, usishangae wala usimzuie, hapo sadaka inaongezeka.

Kuna jambo ambalo wengi wetu tumeliacha. Walawi 7:15 inaagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Ya nadhiri au ya hiari ilipewa mpaka kesho yake. Sasa nyumba moja itamalizaje mnyama mzima kwa siku moja? Ni lazima uite watu. Ndiyo maana mimi ningekushauri bahasha iende kanisani na sufuria ya pilau ibaki nyumbani: kilo tano za mchele na kilo tatu za nyama zinatosha watu arobaini hivi, wakiwemo watoto. Waite jumuiya, na usimsahau jirani aliyetafuta gari usiku ule.

Siku yenyewe msiikimbilie. Shukrani haina tarehe ya mwisho. Ngojeni kama wiki sita mshono upone. Mkiitwa mbele, mwombeni mchungaji kabla ya ibada ashuke awaombee chini, mama asipande ngazi za madhabahu na mtoto mkononi wala asipigishwe magoti.